Bomba la jikoni linaganda kila baridi inapokaza: nifanye nini?

Msomaji mmoja ameeleza kwamba bomba la maji la jikoni kwake limepitishwa ndani ya ukuta wa nje, na kwamba msimu wa baridi uliopita liliganda mara mbili, kisha barafu ikayeyuka yenyewe mchana bila bomba kupasuka. Safari hii utabiri unataja nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, naye anauliza mambo matatu: kama kulivisha bomba ala ya sponji kutatosha, kama kuacha koki ikitiririsha maji kidogo usiku kunasaidia kweli au ni kuyapoteza bure, na kama familia ikisafiri kwa wiki mbili anaweza kuzima joto la nyumba ili kupunguza gharama.

Ndugu msomaji, nianze na swali la tatu, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa zaidi: usizime joto huku mabomba yakiwa na maji ndani yake. Uchague moja kati ya mawili, ama kuliacha joto likiwaka kwa kiwango cha chini, ama kuyamwaga maji yote kabla ya kuondoka. Ala ya sponji ni jambo jema na uivishe, lakini kwa baridi uliyoitaja, na kwa bomba lililo ndani ya ukuta wa nje, haitatosha peke yake. Koki iliyofunguliwa kidogo inasaidia kweli, kwa njia mbili tofauti ambazo watu wengi huzichanganya. Majibu haya yote yana mzizi mmoja, nao ni namna bomba linavyopasuka; ukishaielewa, utaweza kuamua mwenyewe hata pale ambapo nyumba yako haifanani na ile ambayo mshauri wako anaifikiria.

Maji hupungua ujazo kadiri yanavyopoa mpaka yafikie nyuzi 4 hivi, kisha huanza kutanuka, na yanapogeuka barafu ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Wengi hudhani kwamba barafu hutanuka pale ilipo na kuzisukuma pande za bomba mpaka zikaachana, lakini mara nyingi sivyo mambo yanavyokwenda. Barafu inapoanza kujijenga mahali fulani, maji yaliyo jirani nayo husukumwa kando, na maadamu yana pa kukimbilia, bomba halipati madhara. Hatari huanza barafu inapoliziba bomba zima huku koki iliyo mbele yake ikiwa imefungwa. Maji yaliyobaki kati ya kizibo hicho na koki hayana pa kwenda, na kila barafu inapoongezeka kidogo inazidi kuyabana. Presha ya kawaida ya maji ya nyumbani ni bar chache tu (bar ni kipimo cha presha), ilhali ndani ya kipande hicho kilichofungwa inaweza kupanda hadi mamia ya bar, na hapo bomba hupasuka palipo dhaifu, pengine mita kadhaa kutoka kwenye barafu, hata ndani ya chumba chenye joto. Ndiyo maana fundi bomba anaweza kukuta ufa mahali ambapo hapajawahi kuganda. Ndiyo maana pia mafuriko huonekana siku ya jua: barafu ndiyo iliyokuwa imeyazuia maji, na ikishayeyuka yanapata njia ya kupita kwenye ufa uliokwishafanyika usiku.

Kwa hiyo kule kuganda mara mbili bila kupasuka usikuchukulie kama ushahidi kwamba bomba lako ni imara. Huenda kizibo hakikufunga kabisa, au kilifunga kisha jua likakiwahi kabla presha haijafika mbali. Bomba la shaba linapobanwa hivyo linaweza kufura kidogo na kubaki limefura, ukuta wake ukiwa umepungua unene, na safari inayofuata halitahitaji presha kubwa kama ya kwanza. Bomba la chuma huachia zaidi kwenye maungio, na la plastiki ngumu hupata nyufa za ghafla. Yale ya plastiki laini aina ya PEX hutanuka na kurudi, hivyo huvumilia zaidi, lakini viungio vyake havina uvumilivu huo, na nimesikia watu wakiambiwa kwamba bomba la namna hiyo haliwezi kupasuka. Ahadi hiyo si ya kuiamini.

Jambo la pili la kulielewa ni kwamba maji yaliyotulia ndani ya bomba hayagandi mara tu yanapofika sifuri. Yanaweza kupoa nyuzi kadhaa chini ya sifuri yakiwa bado maji, kisha ghafla chembe za barafu zikaanza na kuenea kwa haraka kama sahani nyembamba zilizotawanyika ndani ya bomba. Barafu ya namna hiyo ni kidogo kwa kipimo, lakini inatosha kuzuia mtiririko, na ndiyo inayofanya mtu ashangae kwamba koki iliyokuwa ikitoa maji vizuri kabla ya kulala haitoi hata tone alfajiri. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwa mabomba yasiyo na kihami joto chochote, yaani kifuniko cha kuzuia joto lisitoke, hatari huanza kuwa ya kweli hewa ya nje inapofikia nyuzi 7 hivi chini ya sifuri. Kiwango hicho kimekuwa kikitumiwa sana kuwaonya wenye nyumba, na kinafaa kama mwongozo, ila usikichukulie kama mpaka usiovukwa. Upepo unaopenya kwenye tundu la ukuta na kulipiga bomba moja kwa moja unaweza kuligandisha kabla baridi haijafika hapo, na wewe unatazamia baridi kali mno kuliko hiyo.

Hapa niguse suala la bomba la maji moto, kwa kuwa wengi hulisahau wakiamini kwamba maji yake yana akiba ya joto. Akiba hiyo huisha saa chache tu baada ya koki kufungwa, na mafundi wa nchi za baridi wamesimulia tangu zamani kwamba bomba la moto wakati mwingine huganda kabla ya lile la baridi lililo ubavuni mwake. Mwanafunzi wa Tanzania, Erasto Mpemba, aliona jambo la jinsi hiyo kwenye mchanganyiko wa aiskrimu mwaka 1963, na mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha majaribio yao. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu zake na hata kuhusu ni lini hasa hutokea. Ubishi huo hauhitaji kumalizika ili wewe uchukue hatua. Chochote utakacholifanyia bomba la baridi, ulifanyie na la moto.

Sasa tuje kwenye ala ya sponji. Kihami joto ni sawa na blanketi: hakitengenezi joto, kinachelewesha tu kuondoka kwa lile lililopo. Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu watu hukipa kihami sifa kisichostahili. Mita moja ya bomba la shaba lenye kipenyo cha milimita 15 hubeba kama mililita 145 za maji. Tuseme maji hayo yako nyuzi 10 na hewa inayolizunguka bomba iko nyuzi 10 chini ya sifuri. Likiwa limevishwa sponji nzuri ya unene wa milimita 13, maji yatafika sifuri baada ya dakika 45 hivi, na yataganda yote kwa muda unaokaribia saa saba. Likiwa halijavishwa chochote katika hewa iliyotulia, muda huo unapungua kwa takriban nusu, na upepo ukivuma unapungua zaidi. Maana yake ni kwamba sponji inakununulia saa chache. Saa hizo zina thamani kubwa katika nyumba ambamo watu hufungua koki mara kwa mara, kwa sababu kila unapochota maji unaingiza mengine yenye joto kidogo kutoka ardhini. Kwa usiku mrefu wa nyuzi 20 chini ya sifuri ambapo hakuna anayegusa koki, saa hizo zitaisha kabla hakujapambazuka.

Swali la kujiuliza kwa kila kipande cha bomba, basi, ni hili: joto lake linatoka wapi? Bomba lililopita katikati ya nyumba linapata joto kutoka vyumbani bila mtu kulifikiria. Bomba lako la jikoni limejificha ndani ya ukuta ambao upande mmoja una joto la chumba na upande wa pili una baridi ya nje, na usalama wake unategemea liko karibu na upande upi. Hapa ndipo wajenzi wengi hukosea. Kihami joto kilichojazwa ndani ya ukuta kinatakiwa kiwe nyuma ya bomba, yaani kati ya bomba na nje. Kikiwekwa mbele yake, kati ya bomba na chumba, kinalikinga bomba lisipate joto la nyumba na kuliacha upande wa baridi. Nimeona kuta zilizojazwa pamba ya kioo kwa nia njema kabisa, mwenye nyumba akashangaa kwamba bomba ambalo halikuwahi kuganda limeanza kuganda baada ya ukarabati. Kama una njia ya kufungua ubao wa ndani ya kabati la sinki ukatazama, fanya hivyo kabla baridi haijafika. Ukikuta kihami kimekaa mbele ya bomba, kihamishie nyuma, na kama nafasi ya nyuma ni finyu, tumia ubao mgumu wa povu ambao kwa unene mdogo huzuia joto zaidi kuliko pamba.

Ukiwa hapo hapo, tafuta upepo. Pitisha mkono uliolowa maji mahali bomba linapotokeza ukutani, mahali nyaya za umeme zinapoingia, chini ya fremu na kwenye pembe za sakafu. Mkono uliolowa huhisi hata hewa inayopita taratibu. Ziba kila tundu kwa silikoni au kwa povu la kupuliza, ila usizibe kamwe matundu yaliyowekwa makusudi kwa ajili ya boila (mtambo wa kupasha maji na nyumba), heita ya gesi au jiko, kwa sababu hayo ndiyo yanayoiingiza hewa safi na kuitoa hewa yenye sumu. Kwa maoni yangu, kuziba upepo ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa gharama ndogo kabisa, na ningeifanya hata kabla ya kununua sponji.

Usiku wa baridi kali, fungua milango ya kabati lililo chini ya sinki ili joto la jikoni liingie. Jambo hili linaonekana dogo mno kiasi kwamba watu hulipuuza, lakini kabati lililofungwa kwenye ukuta wa nje linaweza kuwa na baridi kali kuliko chumba chenyewe, na bomba limo humo. Ondoa kwanza sabuni na dawa za usafi kama kuna watoto ndani ya nyumba. Usishushe joto usiku kama ulivyozoea katika siku za kawaida. Akiba ya fedha unayoipata kwa kushusha nyuzi tatu au nne kwa usiku huo ni ndogo sana ukiilinganisha na gharama ya kukausha sakafu.

Ikiwa haya yote hayatoshi, na kwa ukuta kama wako huenda yasitoshe, kuna nyaya maalumu za kupasha bomba ambazo hulazwa juu yake na kuunganishwa na umeme. Chagua aina inayojirekebisha yenyewe kulingana na baridi au yenye themostati yake, yaani kidhibiti cha joto, iwe imeidhinishwa kwa aina ya bomba ulilonalo, na iunganishwe kwenye saketi yenye swichi inayokata umeme unapovuja. Waya wa aina ya zamani, unaotoa joto lile lile wakati wote, usipishane wala kujilalia, kwa sababu mahali unapokutana hupata joto la kupita kiasi na umewahi kuwa chanzo cha moto majumbani. Maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yanayosema kama sponji inaweza kuvishwa juu yake. Yasome na uyafuate neno kwa neno. Suluhisho la kudumu, hata hivyo, ni kumwita fundi bomba msimu wa joto alihamishe bomba kutoka ukuta wa nje na kulipitisha ndani ya chumba au kwenye ukuta wa kati. Ni kazi ya mara moja, na baada yake hutahitaji kulifikiria tena.

Jikoni si mahali pekee pa kuangalia. Bomba lililo darini juu ya kihami joto cha dari, lile la chini ya sakafu iliyo wazi na lile la gereji, yote yamo katika hali ile ile au mbaya zaidi. Koki ya nje inahitaji hatua yake: ondoa mpira wa kumwagilia, funga valvu ya ndani inayoilisha, kisha uifungue koki yenyewe ili maji yaliyobaki yatoke, na uiache wazi. Hata zile koki za nje zilizotengenezwa zisigande hupasuka mpira ukiachwa umefungwa kwao, kwa sababu maji hushindwa kutoka. Kama boila yako ni ya kisasa na ina kijibomba cha plastiki kinachotoa maji nje ya ukuta, nacho kivishwe kihami, kwani kikiganda boila hujizima yenyewe, na hujizima usiku unapoihitaji zaidi.

Bomba kuu linaloingia nyumbani kutoka barabarani kwa kawaida halina shida, kwa kuwa hufukiwa chini ya kina ambacho ardhi huganda. Uingereza kanuni zinataka lifukiwe kwa kina kisichopungua milimita 750, na katika jimbo la Minnesota kule Marekani ardhi huhesabiwa kuganda hadi zaidi ya mita moja. Hata hivyo baridi husafiri polepole ardhini, na inaweza kulifikia bomba wiki kadhaa baada ya siku zile za baridi kali kabisa kupita. Katika msimu wa baridi wa 2013 na 2014, jiji la Winnipeg nchini Kanada liliwaagiza wenye maelfu ya nyumba waache koki moja ikitiririka mchana na usiku, kwa sababu mabomba yaliyofukiwa yaliendelea kuganda hata hali ya hewa ilipokuwa imeanza kulegea.

Hilo linanileta kwenye swali lako la pili. Koki ikidondosha matone, inafanya kazi moja tu: inaipunguza presha. Hata barafu ikiziba bomba, maji yaliyo mbele ya kizibo yana mlango wa kutokea, na bomba haliwezi kubanwa mpaka lipasuke. Koki ikitoa mtiririko mwembamba usiokatika, kama unene wa risasi ya penseli, inafanya kazi ya pili pia, ambayo ni kuleta joto. Maji yanayotoka ardhini yakiwa nyuzi 5 na kutiririka mililita 100 kwa dakika huingiza kwenye bomba kama wati 35 za joto kabla hayajafikia sifuri, na kiasi hicho kinatosha kufidia baridi kwenye zaidi ya mita 10 za bomba lililovishwa sponji katika mfano wangu wa hapo juu. Kwa saa kumi za usiku utakuwa umetumia lita 60. Si kuyapoteza bure, na kama yanakuuma, weka ndoo uyakinge kwa matumizi ya asubuhi.

Fungua koki iliyo mwisho wa bomba lenye hatari, kwa hali yako ni ile ya jikoni, na kama ni ya mkono mmoja iweke katikati ili maji ya moto na ya baridi yote yatembee. Kuna tahadhari moja: kama bomba la majitaka limepita kwenye baridi au liko karibu sana na uso wa ardhi, matone madogo yanaweza kuganda humo kidogo kidogo mpaka yakaliziba. Hapo mtiririko mwembamba usiokatika ni salama kuliko tone moja moja. Na usiuache ukitiririka mkiwa hamko nyumbani, kwa sababu sinki ikiziba hakuna wa kuliona.

Kuhusu safari yenu ya wiki mbili, kiwango cha chini ambacho wataalamu hukitaja kwa nyumba iliyo tupu ni nyuzi 12 au 13, na kwa nyumba ambayo tayari ina bomba lililowahi kuganda ningekishikilia kwenye nyuzi 15. Kumbuka kwamba themostati hupima hewa ya sebuleni, wala haijui kinachotokea ndani ya ukuta wa jikoni. Acha milango ya vyumba vyote na ya kabati wazi, na ufunge valvu kuu ya maji, ili ikitokea ufa kiasi kitakachomwagika kiwe kile tu kilichomo ndani ya mabomba. Mpe jirani ufunguo apite kila siku. Soma pia mkataba wako wa bima, kwani mingi huweka sharti kwamba nyumba isiyo na mtu iachwe na joto au mabomba yake yamwagwe maji.

Ukichagua kumwaga maji, utaratibu ni huu. Zima kwanza heita ya maji, iwe ya umeme au ya gesi, kwa sababu ikiwaka bila maji huungua. Funga valvu kuu, fungua koki zote za moto na za baridi kuanzia ya juu kabisa hadi ya chini kabisa, vuta maji ya vyoo vyote, kisha umwage tangi la heita kwa koki yake ya chini. Ule mpindo wa bomba chini ya kila sinki, pamoja na bakuli la choo, hubaki na maji. Mimina humo dawa ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa propilini glaikoli kwa ajili ya mabomba ya nyumbani. Usitumie ile ya magari iliyotengenezwa kwa ethilini glaikoli, kwa kuwa ni sumu. Zingatia pia kwamba radieta za ukutani, zile zinazopasha vyumba kwa maji ya moto ya boila, zina mzunguko wao wenyewe ambao haumwagiki kwa njia hii. Ukizima boila, maji ya humo nayo yataganda, isipokuwa kama fundi ameyachanganya na dawa inayofaa. Kwa nyumba yenye radieta, kuliacha joto likiwaka ni rahisi na salama zaidi.

Utaratibu huo huo wa kumwaga maji ujue kwa vitendo hata kama husafiri, kwa sababu umeme unaweza kukatika. Februari 2021 jimbo la Texas lilipatwa na baridi ambayo nyumba zake nyingi hazikujengwa kuihimili, mabomba yakiwa yamepitishwa darini na kwenye kuta za nje. Umeme ulikatika kwa mamilioni ya wateja, joto likazimika, na mabomba yakapasuka katika nyumba nyingi mno. Boila ya gesi nayo huhitaji umeme wa kuendesha pampu na vidhibiti vyake, hivyo kuwa na gesi si kinga. Umeme ukikatika na nyumba ikaanza kupoa kuelekea nyuzi 5, usingoje: funga valvu kuu na ufungue koki. Wala usiingize jiko la mkaa au jenereta ndani ili kupasha chumba, kwa sababu hewa ya monoksidi ya kaboni huua watu wakiwa usingizini.

Pamoja na haya yote, bomba likiganda tena, kwanza hakikisha unajua valvu kuu ilipo na kwamba inazunguka, kisha fungua koki ya jikoni. Fuata bomba kwa macho na mkono ukitafuta mahali penye umande ulioganda, palipofura au penye baridi isiyo ya kawaida. Ukiona ufa, funga valvu kuu kabla ya kuyeyusha chochote. Usipouona, pasha bomba kwa mashine ya kukaushia nywele au kwa taulo zilizochovywa kwenye maji ya moto, ukianzia upande wa koki na kurudi taratibu kuelekea kwenye barafu, ili maji yanayoyeyuka yawe na pa kutokea. Usitumie moto wa wazi wa aina yoyote. Kila msimu wa baridi kuna nyumba zinazoungua kwa sababu mtu alilipasha bomba la ukutani kwa taa ya kuchomea. Usishike kifaa cha umeme ukiwa umesimama kwenye maji. Kwa barafu iliyo ndani ya ukuta, weka hita ya feni mbele ya kabati lililo wazi, ukae nayo hapo, na uwe na subira, maana inaweza kuchukua saa kadhaa. Kama maji ya nyumba yako hupashwa na boila ya zamani ya kuni au makaa ya mawe, na maji yameganda nyumba nzima, usiiwashe mpaka fundi aikague, kwa kuwa njia yake ya kupumulia inaweza kuwa imeziba kwa barafu na boila ikalipuka.

Maji yakirudi, usifurahi haraka ukaondoka. Iache koki itiririke mpaka presha irejee kawaida, kisha funga koki zote za nyumba na utazame mita ya maji kwa nusu saa bila mtu yeyote kutumia maji. Sindano yake ikisogea, kuna mahali panavuja ndani ya ukuta. Funga valvu kuu na umwite fundi siku hiyo hiyo. Isiposogea, rudia kuitazama kesho yake, kwa sababu barafu iliyobaki ndani kabisa ya ukuta inaweza kuendelea kuuziba ufa kwa siku nzima.